Alama moja iliyoniumbua

Nimekuwa kimya wiki mbili. Sikusafiri wala sikuugua. Nilikuwa naona aibu tu.

Niliandika habari ya kampuni moja iliyopewa zabuni ya kuchimba visima, nikasema haimo kwenye orodha ya kampuni zilizosajiliwa. Ushahidi nilikuwa nao, au ndivyo nilivyodhani. Nilitafuta jina lake kwenye tovuti ya orodha hiyo mara tatu, mara zote nikajibiwa "haikupatikana". Simu ya mwenye kampuni niliipiga mara moja, haikupokelewa, nikaona kompyuta inatosha.

Kesho yake saa tatu asubuhi akaingia chumba cha habari mzee wa umri wa baba yangu, cheti cha usajili mkononi. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akauliza, "Kijana, ulinitafuta wapi ukanikosa?"

Nilimtafuta hivi. Gazeti lilikuwa linangojewa mitamboni, kwa hiyo sikurudi kujaza fomu ya tovuti. Nilifuta jina la kampuni niliyoitafuta kabla, pale pale kwenye anwani juu ya kivinjari, nikaandika la mzee. Jina lake lina alama ya & katikati. Hapo ndipo nilipokwama.

Kwenye anwani ya tovuti, yanayofuata alama ya ? ni maelezo unayoipa seva, na & ndiyo inayotenganisha elezo moja na jingine. Ukiandika jina=samaki & chipsi, seva inasoma jina kuwa "samaki" basi. Chipsi inakuwa kitu kingine kabisa. Mzee wa watu nilimtafuta nusu jina!

Dawa ipo. Kanuni ziliwekwa mwaka 1994, zikaboreshwa mwaka 2005 na Tim Berners-Lee na wenzake wawili. Alama yenye kazi maalumu huandikwa kwa % na namba yake: & ni %26, + ni %2B, na % yenyewe ni %25. Nafasi ni %20. Kwa hiyo ilitakiwa samaki%20%26%20chipsi. Kivinjari hurekebisha nafasi chenyewe, lakini & hukiiacha, maana hakijui umeikusudia iwe jina au kitenganishi. Fomu ingenifanyia yote.

Na sisi wa Kiswahili tuna mtego wetu: ng'ombe. Ritifaa iliyonyooka ni %27, ile iliyopinda inayowekwa na programu za kuandikia ni %E2%80%99. Kwa macho ni neno moja, kwa kompyuta ni mawili. Wenye majina ya Ng' wajihadhari nasi waandishi.

Habari yangu ilikuwa ukurasa wa kwanza. Masahihisho yalitoka ukurasa wa pili, mistari sita. Mzee aliyasoma, akanipigia simu kusema ameyaona. Hakuongeza neno.

Siku hizi nikijibiwa "haikupatikana", kwanza naangalia nilivyouliza. Kisha napiga simu, na isipopokelewa napiga tena.