Farasi wa Karen, Kinga za Kindu

Nimerudi kwetu Kindu, Kongo, na daftari lenye madoa ya udongo mwekundu wa Karen, na mtoto wa kaka yangu amelinyakua kabla sijamaliza kufungua mizigo. Ameona mchoro wangu: mstatili, herufi kandokando yake, mishale inayozunguka.

"Baba mudogo, huu ni uwanja wa mpira?"

Ni uwanja wa farasi, mwanangu. Urefu mita 40, upana mita 20, huko Karen, pembeni mwa Nairobi. Ana miaka kumi na mmoja na hajawahi kumwona farasi kwa macho yake. Mimi mwenyewe nimengoja hadi miaka arobaini na minne.

Mchezo unaochezwa hapo huitwa dresaji. Mbio hazimo, wala kuruka viunzi. Mtu na farasi huingia peke yao uwanjani, husimama katikati, humwamkia mwamuzi kwa kuinamisha kichwa, kisha hutekeleza mfululizo wa mizunguko na mabadiliko ya mwendo ulioandikwa tangu mapema. Kuna A, K, E, H, C, M, B na F, na mpangilio huo haufuati alfabeti yoyote niijuayo. Mpandaji huingia kwenye A, na mwamuzi huketi nyuma ya C. Katikati kabisa kuna X, lakini X haina kibao wala alama chini. Mpandaji anapaswa kuijua kwa hisia tu, na farasi asimame hapohapo, miguu yote minne ikiwa sawasawa.

Familia niliyoitazama mashindanoni ilikuwa na farasi mmoja, jike wa rangi ya kahawia aliyekwisha kuzeeka kidogo. Asubuhi binti alimpanda, na baada ya saa mbili mama akampanda yuleyule. Baba alisimama pembeni na karatasi, akisoma kwa sauti hatua inayofuata, kwa kuwa katika ngazi ya chini ya ridhaa hilo linaruhusiwa. Hakuna aliyelipwa. Kila kipengele hupewa alama kati ya 0 na 10, na karani huandika maneno ya mwamuzi huku mwamuzi hajaondoa macho uwanjani. Mama alipata sita nyingi, tano mbili, na saba moja ambayo ilimtoa machozi. Saba ile ilikuwa ya kusimama kwenye X.

Nililotaka kulielewa ni amri zinapitia wapi. Mpandaji haruhusiwi kusema na farasi. Sauti ni kosa, na hata kupiga ulimi humpunguzia alama. Kila kitu hupita kwenye kiti chake, kwenye mguu unaobonyea kidogo ubavuni, kwenye kidole kinachofunga na kufungua hatamu. Farasi akitoka mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole, kuingia mwendo wa kutembea bila mtazamaji kuona aliyemwomba, hapo ndipo alama hupanda.

Nilifikiria mtumbwi. Hapa kwetu Wagenya, watu wa mto, huvuka Lualaba, kutoka upande wa Kasuku kwenda Alunguli, kwa wimbo. Anayeongoza huanza, kasia huitikia, na mkondo ukiwa mkali wimbo hukazwa. Usawa wa mikono ile hutokana na sauti. Karen, usawa hutokana na kimya. Sikuweza kuamua upi ni mgumu zaidi, lakini najua kwamba maji hayana hiari. Farasi anayo. Yule jike aliwahi kukataa kona ya H mbele ya watu wote, masikio nyuma, na binti hakumpiga. Alimzungusha, akamwomba tena, akakubali.

Nyuma ya mabanda nilimkuta saisi. Kiswahili kina neno hili tangu zamani, kutoka Kiarabu, nalo Kenya bado lipo kinywani mwa watu: mtunza farasi. Alikuwa akipaka kwato mafuta. Ndiye aliyesuka singa za shingoni alfajiri, kifundo baada ya kifundo, akazishona kwa uzi.

"Mzee," nikamwuliza, "huyu farasi amefundishwa na nani?"

"Ana mwalimu wake, mama mmoja huja Jumamosi. Lakini siku za wiki mtoto yuko shule, na wazazi wako kazini. Basi mimi ndiye humpanda, ndugu yangu. Asipofanya kazi siku tatu, anakuwa mtu mwingine."

"Na ile kona aliyoikataa?"

"Upande wa kushoto shingo yake huwa ngumu. Nilimwambia mtoto jana."

Karatasi ya alama ina mahali pa jina la mpandaji na mahali pa jina la farasi. Nilimwuliza kama naye huandikwa popote. Alitikisa kichwa, akainua kwato ya nne.

Mchezo huu umewahi kuwa na lango jembamba kuliko karatasi hiyo. Kwenye Olimpiki ya London mwaka 1948, timu ya Sweden ilishinda dresaji, na mwaka uliofuata ikanyang'anywa dhahabu. Kosa halikuwa la farasi wala la mpandaji. Gehnäll Persson alikuwa sajini, na kwa wanajeshi sheria iliwataka maofisa tu. Wakubwa wake walikuwa wamempandisha cheo kwa ajili ya michezo, kisha wakamshusha. Sheria ikabadilishwa, na Helsinki mwaka 1952 Persson yuleyule alirudi na timu yake wakatwaa dhahabu.

Mwaka huohuo, kwa mara ya kwanza, wanawake waliruhusiwa kushindana katika dresaji ya Olimpiki. Lis Hartel wa Denmark alipata medali ya fedha akiwa juu ya farasi aitwaye Jubilee. Polio ilikuwa imempooza kuanzia magotini kwenda chini, na alihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka. Habari hii nilimsomea jirani yangu hapa Kindu, fundi cherehani ambaye polio ilimpata utotoni na anayetembea kwa baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungushwa kwa mikono. Alininyamazisha katikati ili nirudie: mtu bila nguvu za miguu, katika mchezo unaoendeshwa kwa miguu? Ndiyo. Alijifunza kusema na farasi kwa mgongo na uzito wa mwili. Jirani alikaa kimya muda mrefu. Mkoa wetu wa Maniema ulipata mlipuko wa polio mwaka 2017, kwa hiyo mambo haya kwake si historia.

Mtoto naye ana swali lake: kwa nini tusimlete farasi huku?

Angekufa. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari na baridi yake haimpendezi mbung'o. Kindu iko kama mita 500, msitu na mto, na mbung'o yuko kwake. Vijidudu anavyobeba huleta malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo, na aina mojawapo imepewa jina la Kongo yetu. Farasi ni kati ya wanyama wanaoathirika vibaya zaidi. Wapo ng'ombe wanaovumilia, kama N'Dama wa Afrika Magharibi, lakini farasi hana kinga hiyo. Lubumbashi na Kinshasa wapo wanaofuga farasi wa kupanda. Huku kwetu sijasikia.

Wengi walijaribu kumshinda mbung'o. Livingstone alianza safari yake ya mwisho mwaka 1866 kupitia Ruvuma akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda. Wanyama hao wakaisha njiani, na Nyangwe, juu ya mto wetu, alifika kwa miguu mwaka 1871. Mwaka 1879 tembo wanne wa India walishushwa pwani karibu na Dar es Salaam ili wapelekwe Karema kwenye Ziwa Tanganyika. Baadaye Wabelgiji waliwafunza tembo wa Kongo wenyewe, kule Api na kisha Gangala-na-Bodio, kaskazini-mashariki mwa nchi, wavute magari na majembe.

Hata baadhi ya watu waliotuletea Kiswahili walikuwa na asili ya Omani, nchi ya farasi. Huko hadi leo kipo kipaji cha kupanda farasi: ardha yao, ambamo wapandaji hukimbiza farasi sambamba huku wameshikana mikono, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2018. Lakini Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyetawala kutoka Kasongo, hakuujenga utawala ule juu ya farasi. Ulijengwa juu ya mabega. Pembe za ndovu zilikwenda pwani juu ya watumwa na wapagazi, na dola ya Leopold, mfalme wa Wabelgiji, iliyofuata ikaendelea kuwatwika watu mizigo kwa nguvu. Mahali ambapo mnyama wa mizigo hakuweza kuishi, binadamu ndiye aliyefanywa mnyama wa mizigo. Nikiwa Karen nilimtazama jike yule mnene, anayebeba msichana mmoja kwa dakika tano na kupewa karoti, na sikuweza kuacha kuwafikiria wapagazi wa Maniema. Sina kinyongo na farasi yule. Wala na msichana.

Jana nilikwenda kuwatazama wasukuma kinga, yaani baiskeli kwa Kiswahili cha huku, wakiingia mjini kutoka njia ya Kasongo, safari ya zaidi ya kilomita 200. Mafuta ya mawese, mchele, karanga, vyote vimefungwa juu ya baiskeli moja ambayo haipandwi kabisa. Fimbo imefungwa kwenye usukani ili kuuongezea urefu, nyingine nyuma ya kiti, na mtu hutembea kando akiegemeza mzigo mzito kuliko yeye. Mteremkoni nilimwona mmoja akizuia kinga kwa kiganja kimoja, polepole, hadi ikasimama wima kabisa bila mtungi hata mmoja kucheza. Ningempa nane. Sokoni mafuta yale yatatajwa kwa jina la mwenye mali.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaoandaa mashindano ya Karen, ambao walinipokea vizuri na kunipa kiti kivulini. Karatasi yenu ya alama ina nafasi chini ya jina la farasi, nimeipima kwa kidole. Andikeni hapo jina la saisi, na linaposomwa jina la mshindi, lisomwe na lake.