Gesti ya Tanga na uongo wetu mdogo

Leo tunakuja na kisa cha safari, na ndani yake mna kosa letu wenyewe.

Sisi ni mawifi wawili, tunashona pamoja hapa Unguja. Kabla ya Ramadhani tulipata oda ya mabaibui na madira kutoka kwa mwenye duka mmoja wa Tanga. Tukavuka kwa boti hadi Dar es Salaam, tukapanda basi, mwendo wa kilomita 350 hivi, mabegi yametubana miguu. Nyumbani tulimwambia Mama tutafikia kwa jamaa. Tanga hatuna jamaa. Tulijua tu kwamba neno "gesti" likitajwa mbele yake, safari imekufa. Mwanamke akilala gesti watu hawamuulizi alifuata nini, wanajijibu wenyewe.

Tulifikia Ngamiani, kule ambako mitaa inaitwa kwa namba: barabara ya kwanza, ya pili, na kuendelea. Chumba shilingi 15,000 kwa usiku, vitanda viwili, vyandarua, feni, na choo cha uani kisafi. Mwenye nyumba ni bibi mtu mzima, anakaa barazani na daftari lake la wageni, na mwanamume asiyelala pale havuki hiyo baraza. Hakutuuliza waume zetu wako wapi. Alituuliza, "Mmekula, wanangu?" Kisha akatuonyesha kibla na kutupa mkeka.

Asubuhi kwenye chai tukawajua wenzetu. Mama aliyemleta mtoto hospitali ya Bombo. Wasichana wawili waliokuja kwenye usaili wa kazi. Muuza dagaa kutoka Pangani. Kila mtu na shida yake ya halali, na sisi tulikuwa tumeshawadhania.

Mwenye duka akapokea mzigo, akasema pesa keshokutwa. Watu wa Tanga wana msemo, "Waja leo, waondoka leo." Sisi tulikwama. Tulibaki na nauli tu. Usiku wa pili tukamwendea bibi, macho chini.

"Kaeni, mtalipa mkilipwa," akasema. Halafu akauliza, "Kwenu wanajua mko hapa?"

Tukanyamaza.

"Basi wapigieni. Likiwafika la kuwafika, watakuja kuwatafuta wapi? Na nyumba yangu mmeilalia, mbona mnaionea haya?"

Wallahi maneno yale yalituchoma. Njiani tulisali kasri, rakaa mbili za adhuhuri na mbili za alasiri, kwa kuwa Mwenyezi Mungu amemhurumia msafiri. Lakini ukweli hauna kasri.

Tukampigia Mama, tukasema yote. Alikaa kimya mpaka tukadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Mlango una komeo?"

"Unalo, Mama."

"Huyo bibi yupo hapo? Mpeni simu."

Walizungumza mpaka salio letu likaisha.

Siku ya nne tulilipwa, nasi tukalipa deni. Bibi alikataa hata shilingi ya ziada. Kwa bahati tulikuwa tumeshamkunjia pindo za mapazia yake yote kwa sindano ya mkono, hilo hakuweza kulirudisha.

Dada zangu mnaosafiri kwa biashara: ingieni chumbani mkione kabla ya kulipa. Jaribuni komeo na taa. Tazameni nani anakaa barazani na nani anaingia. Ombeni risiti. Bebeni kanga mbili, moja ya kusalia na moja ya kujitandikia. Wekeni pesa ya siku mbili za ziada, maana "keshokutwa" ya mwenye duka ni ndefu. Na kabla ya yote, nyumbani semeni kweli mnalala wapi.

Safari nyingine ipo mwezi ujao, inshaallah. Mama ameshatufungia kopo la achari ya embe, la bibi wa Ngamiani. Sisi hatukupewa hata kijiko.