Kabla hujamlaumu jogoo, kagua themostati

Ndugu mfugaji, msimu huu wa baridi simu ninazopokea nyingi ni za aina moja: "Daktari, mashine imeniharibia mayai." (Mimi si daktari, nina stashahada ya mifugo tu, lakini huku kijijini ukishashika sindano ya chanjo umeshakuwa daktari.) Nikiuliza tatizo ni nini, naambiwa mayai hayakuwa na mbegu, au jogoo amezeeka, au aliyeuza mayai ni tapeli. Ni mara chache mtu ananiambia anashuku joto. Na kwa nini ashuku, wakati kile kibao kidogo chenye namba nyekundu kinamwonyesha 37.5 asubuhi na jioni?

Namba ile ni joto la mahali ilipo sensa. Yai lenyewe linaweza kuwa na joto jingine kabisa.

Mwezi wa saba niliitwa na mama mmoja kwenye kata yangu. Alichukua mkopo wa kikoba, akanunua trei sita za mayai ya chotara kutoka kwa wifi yake, jumla mayai 180, akayaweka kwenye mashine iliyotengenezwa na fundi wa mjini. Akapata vifaranga 23. Nilipofika, wale mawifi walikuwa hawasalimiani. Mmoja alidai arudishiwe hela, mwingine alisema hawezi kurudisha hela ya mayai mazima. Shemeji mtu alikuwa katikati, hana la kusema. Rejesho la kikoba lilikuwa Jumapili.

Niliomba ndoo na kisu, nikakaa nyuma ya jiko nikayavunja yale mayai 157 yaliyobaki, wote wawili wakiangalia. Kazi hiyo inanuka, lakini hakuna njia nyingine ya kumaliza ugomvi wa namna hiyo. Mayai meupe, yaani ambayo ukivunja ni ute na kiini tu bila dalili ya damu, yalikuwa 14. Hayo ndiyo unayoweza kumdai jogoo. Yenye mduara mwembamba wa damu, ambayo kijusi kilianza kikafa siku za mwanzo, yalikuwa 9. Yote yaliyobaki yalikuwa na vifaranga vikubwa vyenye manyoya, vimekufa ndani. Yule jogoo alifanya kazi yake vizuri kabisa.

Kisha nikauliza, vile 23 vilitoka siku ya ngapi? Ya 19. Vilikuwaje? Vidogo, na vingine kitovu hakijafunga, kina damu. Hapo nilikuwa nimeshapata jibu. Yai la kuku huanguliwa siku ya 21. Vikiwahi siku moja au mbili, joto lilizidi. Vikichelewa mpaka siku ya 22 au 23, joto lilipungua. Ukikumbuka hilo tu utajua uanzie wapi kutafuta.

Fundi alikuwa amening'iniza sensa chini, karibu na tundu la hewa. Usiku wa Julai huku nyanda za juu unaujua mwenyewe. Hewa ya baridi ilikuwa inaipiga sensa, sensa inaamini mashine nzima imepoa, balbu zinaendelea kuwaka. Niliweka kipimajoto juu ya trei, usawa wa mayai, kikasoma 39 wakati kibao kinasoma 37.5. Feni nayo ilikuwa imejaa vumbi na manyoya, inazunguka kwa kujivuta, haichanganyi hewa. Tukaisafisha, tukahamishia sensa katikati usawa wa mayai, mbali na balbu na mbali na tundu. Mashine yenye feni inatakiwa isome 37.5 hadi 37.8 hapo hapo mayai yalipo. Mawifi walisalimiana siku ile, ingawa kwa mdomo tu, na deni la kikoba bado analipa.

Sasa njoo kwenye mashine yako. Kwanza hakikisha kibao chako kinasema kweli. Chukua kipimajoto cha homa, kile cha duka la dawa. Changanya maji ya moto na ya baridi kwenye chupa ya chai mpaka yafike kama 37 au 38, kwa sababu kwenye kikombe yatapoa kabla hujamaliza. Funga ncha ya sensa na ncha ya kipimajoto pamoja kwa lastiki, zamisha ncha tu, koroga, subiri dakika tatu, linganisha. Kama sensa yako ni ile isiyo na kifuniko cha chuma, ivalishe kwanza mfuko mwembamba wa plastiki isipate maji.

Wengi mnatumia kibao cha W1209. Ukibonyeza SET kwa sekunde kama tano kinakupeleka kwenye P0. Hapo inatakiwa iwe H, maana yake kinapasha. Ikiwa C kinafanya kazi ya kupoza, na balbu zitawaka pale joto linapozidi. P1 ndiyo inayowaumiza wengi: kikitoka kiwandani huwa 2, yaani balbu zikizima kwenye 37.5 hazitawaka tena mpaka joto lishuke mpaka 35.5. Mayai yanapanda na kushuka usiku kucha. Weka 0.2. P4 ni ya kusahihisha: kama kibao kinasoma 36.5 na kipimajoto cha homa kinasema 37.5, weka P4 iwe 1.0.

Tatizo ninaloliogopa kuliko yote ni rilei kunasa. Utaona joto linapita 38, linapita 39, taa ndogo ya kwenye kibao imezima lakini balbu bado zinawaka. Chomoa umeme. Ukiigonga kwa bisibisi itaachia, na watu wengi hufurahi wakaendelea. Usiendelee. Itanasa tena, na itanasa usiku. Kibao hicho si ghali, badilisha. Mashine yangu ya nyumbani nimefunga themostati mbili kwenye waya mmoja wa balbu, moja baada ya nyingine. Ya pili nimeiweka 38.5. Ya kwanza ikinasa, ya pili inakata.

Kama joto linazidi mchana tu, tatizo si kibao. Mashine iliyo chini ya bati bila dari haiwezi kupoa kwa kuzima balbu. Ihamishie chumba cha tofali chenye kivuli. Na wiki ya mwisho vifaranga wenyewe wanatoa joto, kwa hiyo ongeza matundu ya hewa badala ya kuyaziba kama wengi mnavyofanya kwa kuogopa baridi.

Umeme ukikatika, acha kufungua mlango kuchungulia. Funika mashine kwa blanketi, acha matundu machache wazi, na kama saa zinakwenda weka ndani chupa mbili za maji ya moto zisizogusa mayai. Yai huvumilia kupoa saa kadhaa kuliko linavyovumilia kuzidiwa joto. Ukirudi, usipandishe themostati ili "kufidia". Iache kwenye 37.5, hesabu siku zako kama kawaida, na ukiona siku ya 21 imepita kimya wape mpaka ya 23 kabla hujachukua ndoo na kisu.