Walitaka Niwe Askari

Kama unaumwa sasa, soma polepole. Ukichoka, weka pembeni.

Nilipoambiwa uvimbe kwenye titi ni saratani, kikundi chetu cha maombi kilijaa sebuleni. Wakaukemea ugonjwa: ushindwe na ulegee! Shemeji akawa ananitumia ujumbe kila asubuhi: "Pambana, shujaa." Mwanzoni ulinitia nguvu, sikatai.

Nikaanza dawa pale hospitali ya saratani ya Ocean Road. Ile nyekundu, hadi mkojo unakuwa mwekundu. Dawa ile inaua seli zinazokua haraka, za saratani na zako pia, ndiyo maana nywele zinakatika na mdomo unatoka vidonda. Chembe nyeupe za damu nazo zinashuka.

Zangu zilishuka. Homa ikaja usiku. Nikalazwa. Nilitetemeka. Mate hayamezeki. Maombi hayatoki. Simu ikalia mlio wa ujumbe: "Usikubali kushindwa." Nikaogopa. Si kufa tu. Niliogopa kwamba nikifa watasema nililegea.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mama mmoja wa Kilosa. Alisali kutushinda sote. Akitapika, anaomba uji tena. Akafariki. Mgeni mmoja akanong'ona, "Alikata tamaa." Nikageukia ukutani. Yule? Akate tamaa yule?

Kulipokucha nikamwambia muuguzi sina nguvu za kupigana. Alikuwa anabadilisha dripu, hata hakugeuka. "Mama, hiyo kazi ya dawa. Wewe kunywa uji. Ukisikia homa, sema mapema, usisubiri kuche."

Nililia kwa nafuu.

Nilikuja kusikia kwamba Rais Nixon wa Marekani alipotia saini sheria ya saratani mwaka 1971, watu waliiita vita. Vita ya serikali, sawa, ina fedha na maabara. Mimi nilikuwa na kitanda na ndoo.

Mama mkwe aliniogesha kama kichanga, akaniombea mimi nikiwa kimya. Mume wangu akawasihi wanakikundi waendelee kuomba, ila wasinidai ushujaa. Wawili watatu walinuna. Mungu awabariki, hawakuacha kuleta chakula.

Namshukuru Mungu, sasa nakwenda kliniki kuangaliwa tu. Jina langu likiitwa, tumbo bado linanikata. Juzi binti mmoja aliyefunga kilemba akaniuliza nilishindaje. Nikamuuliza kama amekula. Bado. Tukatoka kutafuta chapati na maziwa, akala nusu.