Vitabu na Sinema Tulivyovikuta Ugenini

Akina mama wakisikia kwamba tuliwahi kuishi Uingereza hutuuliza habari za baridi na maduka. Hayo tuliyaona, lakini yanayotujia kwanza moyoni ni maktaba ya mji wa Leeds, filamu moja ya zamani, na kijiji kilicho juu ya kilima.

Ilikuwa mwaka 2012. Baba watoto alipata nafasi ya kusoma kwa mwaka mmoja, tukaenda sote wawili. Watoto watatu tukawaacha kwa bibi yao huko Moshi, maana nauli ya watu watano isingepatikana. Yeye alisoma, na mwenye stashahada ya uuguzi kati yetu akapata kazi ya kuogesha na kulisha wazee.

Siku za mapumziko hatukuwa na fedha za kutembea. Maktaba kuu, jengo la mwaka 1884, haina kiingilio, na kadi ya kuazima vitabu hailipiwi. Tuseme kweli, mwanzoni tulifuata joto tu. Baadaye tukaazima Jane Eyre, kitabu cha Charlotte Brontë cha mwaka 1847, tukawa tunakisoma jioni, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akisonga ugali. Ni habari za msichana yatima anayepelekwa shule ya bweni yenye njaa na maradhi. Mwandishi hakubuni yote. Dada zake wawili, Maria na Elizabeth, waliugua wakiwa shule ya namna hiyo na kufariki mwaka 1825, mmoja wa miaka 11 na mwingine 10.

Filamu tuliyoazima iliitwa The Railway Children, ya mwaka 1970. Baba anachukuliwa usiku kwa kosa asilolifanya. Mama anahamia shamba na watoto watatu, anaandika hadithi na kuziuza ili wapate chakula. Mwishoni binti mkubwa amesimama stesheni, moshi wa garimoshi unatawanyika, na baba yake huyo hapo. Tulilia kama watu waliofiwa. Wakati huo kitinda mimba wetu, wa miaka minne, alikuwa na majuma matatu akikataa kuongea nasi. Bibi akimwita, "Njoo umsalimu mama," tulisikia miguu yake kwenye simu akikimbilia nje.

Kumbe filamu ile ilipigwa karibu na tulipoishi! Jumamosi moja tukafunga chapati, tukapanda treni hadi Keighley, halafu garimoshi la makaa linaloendeshwa na watu wa kujitolea. Njia yake ni ya kilometa 8 hivi tu. Tuliiona stesheni ya Oakworth, ile ile ya kwenye filamu, kisha tukashuka Haworth, kijiji cha akina Brontë.

Nyumba yao, ambayo ni makumbusho tangu mwaka 1928, inatazamana na makaburi. Baba yao, Patrick, alikuwa mchungaji wa hapo. Alifiwa na mke na watoto wote sita. Kifua kikuu kilikuwa kikubwa, lakini muuguzi hawezi kupita pale bila kuuliza habari za maji. Mchungaji huyo ndiye aliyeiandikia serikali kuomba mkaguzi wa afya, na taarifa ya mwaka 1850 ilionyesha kwamba zaidi ya watoto 40 katika kila 100 walifariki kabla ya kutimiza miaka sita. Mifereji ya maji machafu haikuwapo, na vyoo vilikuwa vichache mno. Charlotte mwenyewe aliolewa mwaka 1854, akafa mwaka uliofuata akiwa na miaka 38, na inadhaniwa alikuwa mjamzito, hana hata chakula kinachokaa tumboni. Mwanamke wa leo mwenye hali hiyo hutundikiwa dripu, akarudi nyumbani kwake.

Kilichotushika zaidi ni vijitabu walivyotengeneza wakiwa watoto. Ni vidogo kuliko kiganja, vimeshonwa kwa mkono, na herufi zake kama punje za ulezi. Tulisimama hapo mpaka walinzi wakatutazama.

Usiku ule ule tulikata karatasi, tukashona kwa uzi mweusi. Kila mwezi tulituma kijitabu kimoja kwa posta: habari za sungura aliyeenda nchi ya barafu akamwacha mwanawe kwa bibi. Michoro ilikuwa ya baba watoto, na kwa kweli sungura wake alifanana na mbuzi. Bibi alisoma na wajukuu. Kwenye simu mtoto aliendelea kunyamaza.

Tuliporudi, wakubwa walitukimbilia. Yule mdogo alijificha nyuma ya kanga ya bibi kwa siku mbili. Siku ya tatu alikuja jikoni na kijitabu kilichojaa mafuta na uji, kurasa mbili zimechanika, akauliza kwa nini sungura ana pembe.