Reli Isiyokuwepo

Ninaandika riwaya. Sura niliyojivunia kuliko zote ilikuwa ya nne: garimoshi linapanda kutoka Lindi kwenda Nachingwea, moshi umetanda, vyuma vinang'aa juani. Niliiandika Dar es Salaam, chumbani, huku mwenye nyumba akigonga mlango kudai kodi.

Desemba nikatumwa kumrudisha Babu nyumbani Mnero. Macho yake hayaoni tena. Tulipanda basi Lindi asubuhi, akakaa dirishani kwa mazoea tu. Basi likaiacha pwani, likaanza kupanda bara, injini ikilalamika. Karibu na Nachingwea akaniuliza:

"Mjukuu wangu, njia ya reli unaiona?"

"Naiona, Babu. Vyuma vinang'aa kweli kweli."

Alicheka mpaka konda akageuka. "Vyuma viling'olewa mimi bado mtoto. Wewe unaona vya wapi?"

Nilinyamaza. Mambo ya vitabuni nilikuwa nayajua: Waingereza waliijenga reli ile kwa ajili ya mradi wao wa karanga ulioanza 1947. Mitambo ikaharibika, mvua zikawasaliti, na 1951 mradi ukaachwa. Reli ikabaki na mizigo michache, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 nayo ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani, na bado nikamdanganya mzee asiyeona.

"Baba alinibeba mabegani toka Mnero, kwa miguu, nije nilione garimoshi," akasema. "Lilipopiga honi nikajikojolea. Baba akalowa shingo yote. Hakunishusha."

Akanyamaza kidogo. "Haya, niambie tena. Unaona nini?"

Safari hii nilitazama kwanza.

"Naona tuta, Babu. Limeota nyasi. Kuna mikorosho pembeni. Juu ya tuta anapita mama mmoja anasukuma baiskeli, kafunga kuni nyuma, mtoto anamfuata na dumu la maji."

"Dumu rangi gani?"

"Njano. Halina kifuniko, maji yanamwagika."

"Hapo sawa. Endelea."

Niliendelea mpaka Mnero. Hakusinzia hata kidogo.

Ile sura ya nne nimeichana, jamani, na iliniuma. Naiandika upya. Safari hii inaanza na shingo ya mtu iliyolowa.