Maziwa Yaliyohesabiwa Mara Mbili

Kazi yangu nikiieleza nyumbani huwa inachekesha. Nalipwa kutafuta makosa ya watu wengine. Wenzangu wanaandika programu, mimi naibonyeza-bonyeza mpaka ikatae, kisha naandika ilivyokataa. Mamangu aliposikia hivyo mara ya kwanza aliniuliza, "Na wewe ukikosea, nani anaandika?" Nilicheka. Hiyo ilikuwa kabla ya ile kazi ya maziwa.

Mteja wetu alikuwa chama cha ushirika cha wafugaji huko milimani. Sitakitaja, wala sitaitaja kampuni niliyokuwa nikiifanyia. Wakulima huleta maziwa alfajiri kwenye vituo vya kando ya barabara, karani anapima kwa mizani, anaandika kilo, na gari linapita kuchukua mitungi na kuipeleka kwenye mtambo wa kupoza. Mwisho wa mwezi kila mtu analipwa kwa kilo zake. Nimelelewa na pesa hizo. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwa ng'ombe wawili. Kwa hivyo chama kilipotaka kuachana na vitabu vya karatasi, karani awe na simu, aingize nambari ya mkulima na kilo, mkulima apate meseji papo hapo, niliona ni kama kazi imeletwa kwangu mimi.

Mpango ulikuwa wa wiki 11. Nani alizihesabu? Si sisi. Wakubwa waliziahidi kwenye mkutano ambao hakuna mwandishi wa programu hata mmoja aliyeitwa, sembuse mjaribu. Tarehe ya mwisho ilitokana na mkutano mkuu wa mwaka wa chama: viongozi walitaka kusimama mbele ya wanachama wakiwa na simu mkononi. Karatasi iliyobandikwa ukutani ilisema wiki 2 za kupanga, 6 za kuandika, 3 za kujaribu. Kuandika kukala wiki nane na zaidi. Tarehe haikusogea hata kidogo. Mimi nikabaki na siku nne.

Fred Brooks, aliyesimamia uundaji wa mfumo wa OS/360 kule IBM, alichapisha kitabu mwaka 1975, The Mythical Man-Month, na humo anagawanya muda wa kazi kama hii: theluthi moja kupanga, moja ya sita kuandika, robo kujaribu vipande, robo kujaribu mfumo mzima ukiwa umeunganishwa. Yaani nusu ya muda wote ni kujaribu. Nilikuwa nimekisoma hicho kitabu chuoni, nikapasi mtihani wake vizuri sana. Wengi humkumbuka Brooks kwa lile neno lake kwamba ukiongeza watu kwenye kazi iliyochelewa, unaichelewesha zaidi. Hilo nalo tulilifanya. Wiki ya tisa waliletwa vijana wawili kutusaidia, na aliyejua mfumo kuliko sote akaacha kuandika ili awafundishe.

Hata ule mchoro wetu wa ukutani, ngazi inayoshuka kutoka kupanga hadi kuandika hadi kujaribu, una historia yake. Winston Royce aliuchora kwenye makala ya mwaka 1970. Kichekesho ni kwamba baada ya kuuchora alionya kuwa ukifuatwa hivyo ulivyo ni hatari, kwa sababu majaribio yanakuja mwishoni kabisa, na ukigundua kosa la msingi wakati huo itabidi urudi mwanzo. Watu walichukua mchoro, onyo wakaliacha. Ofisini kwetu ungewaambia hivyo wangekuruka, ati sisi hatufuati mambo ya kizamani. Tulijihesabu wafuasi wa lile tamko la mwaka 2001, la watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, wakisema programu iundwe kwa hatua fupifupi na mtumiaji akiwa karibu. Kila asubuhi tulikuwa na kikao cha kusimama cha dakika 15. Kusimama, tulisimama. Lakini katika wiki zote hizo hakuna mmoja wetu aliyewahi kukanyaga kituo cha maziwa, hata mimi niliyejidai mtoto wa mfugaji.

Siku ya pili kati ya zile nne, niliona kitu. Rekodi moja ilijitokeza mara mbili kwenye seva: mkulima yuleyule wa majaribio, kilo zilezile. Nikarudia. Haikutokea tena. Nikarudia mara kumi hivi, wapi. Nikaiandika kwenye orodha: "Rekodi kujirudia, imeonekana mara moja, chanzo hakijulikani." Jioni mwandishi aliyehusika aliifunga kwa maneno manne: "Kwangu inafanya kazi vizuri." Ningeweza kuifungua tena. Nilikuwa na mambo mengine 60 kwenye orodha, na meneja alikuwa akipita nyuma ya kiti changu kila nusu saa akiuliza, "Tumefika wapi?" Ijumaa nikatia sahihi.

Mkutano mkuu ulifana, niliambiwa. Wazee walipata meseji wakashangilia.

Mwezi wa pili tukapigiwa simu. Si malalamiko kuhusu programu, la. Meneja wa chama alikuwa akitushukuru. Mfumo umeanza kunasa wezi, alisema. Kwenye kituo kimoja, asubuhi moja, rekodi zilionyesha kilo 412 ilhali maziwa yaliyofika kwenye mtambo yalikuwa kilo 374. Kilo 38 zimeenda wapi? Siku nyingine 20, nyingine 45. Karani wa kituo hicho, mama mmoja aliyefanya kazi hiyo tangu enzi za vitabu, alikuwa amesimamishwa kazi na kukatwa mshahara wa mwezi kufidia. Kila mtu alijua anauzia wachuuzi wa pikipiki. Ofisini kwetu habari hiyo ilipokelewa kwa furaha. Kuna mtu alisema tuiweke kwenye tangazo.

Mimi nilikumbuka ile rekodi yangu moja. Niseme ukweli, nilikumbuka, halafu nikajiambia haihusiani. Nilijiambia hivyo kwa wiki mbili.

Nikatumwa huko kufundisha karani mpya. Nilifika kituoni saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya kukata masikio, manyunyu. Wakulima walikuwa wamepanga mitungi kwenye foleni, wenyewe wamejikinga chini ya mabati. Kijana aliyechukua nafasi ya yule mama alikuwa akibonyeza simu, anangoja, anainua juu, anangoja. "Hapa mtandao ni wa kuomba," akaniambia. "Mvua ikinyesha unapotea, unarudi, unapotea." Maneno hayo yalinishuka tumboni. Ofisini nilijaribu kila kitu nikiwa nimekaa mita tatu kutoka kwa kisanduku cha waifai.

Niliomba kuelekezwa kwa yule mama. Nilimkuta akikata nyasi za ng'ombe nyuma ya nyumba. Nilipojitambulisha hakunikaribisha ndani, na sikumlaumu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa simu?"

"Ndiyo, mama."

Alinitazama kitambo. Halafu akaingia ndani, akatoka na daftari la shule, lile la kurasa 96, limefungwa kwa mfuko wa nailoni. Alikuwa ameandika kila mkulima, kila asubuhi, kwa mkono, hata baada ya kupewa simu. "Hiyo simu sikuiamini," akasema. "Niliwaonyesha hii daftari kule ofisini. Wakaniambia kompyuta haiwezi kukosea, ni mimi nimeandika ya uongo nyumbani."

Tuliketi kwenye kizingiti, nikafungua kompyuta, tukalinganisha ile asubuhi ya kilo 412. Daftari lake likijumlishwa lilitoa 374 kamili. Kwenye seva wakulima sita walikuwa wameandikwa mara mbili. Wa kwanza wao: 6:41:07, na tena 6:41:38. Sekunde 31. Wa pili: sekunde 31. Wote hivyo hivyo.

Simu yetu ilikuwa imeagizwa hivi: tuma rekodi, ngoja jibu sekunde 30, usipojibiwa tuma tena. Ni agizo zuri kabisa, isipokuwa kwa jambo moja. Kutojibiwa si lazima kuwe na maana kwamba rekodi haikufika. Inaweza kuwa imefika na kuandikwa, kisha mtandao ukakatika jibu likiwa njiani. Simu inadhani imepuuzwa, inarudia, na seva, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiipa kila rekodi nambari, inaona kitu kipya na kuandika tena. Dawa yake ni ya kale na kila mhasibu anaijua: risiti iwe na nambari kabla haijatoka mkononi. Rekodi ipewe nambari yake na simu yenyewe, na seva ikiona nambari ambayo tayari inayo, ijibu "nimepata" bila kuandika mara ya pili. Mwenzangu aliirekebisha kwa mchana mmoja. Mama alikaa nyumbani wiki saba.

Na wakulima walioandikiwa mara mbili? Hakuna aliyelalamika. Ningewashangaa kama wangelalamika.

Kuna watu waliopatwa na haya kwa kipimo ambacho siwezi hata kukifikiria. Uingereza, programu ya hesabu iitwayo Horizon ilionyesha upungufu wa pesa kwenye matawi ya posta, na kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya wasimamizi 900 wa posta walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu. Wengine walifungwa. Mahakama za huko huanza kwa kudhani kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa, na aliyeshtakiwa ndiye anayepaswa kutafuta sababu ya kuitilia shaka. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu 39 kwa siku moja. Nikisoma habari hizo huwa siwawazii mawakili. Nawaza kwamba mahali fulani kulikuwa na mtu kama mimi, mwenye orodha, na kwenye orodha kuna mstari uliofungwa.

Nilirudi Nairobi nikaeleza. Bosi alisikiliza, kisha akasema tutoe toleo jipya kimyakimya, tuliite maboresho madogo. "Ukisema ni sisi, tutalipa." Nilimwambia tayari kuna mtu aliyelipa. Tulibishana siku mbili, mimi nikiwa na mkopo wa benki na hofu ya kufutwa. Mwishowe niliandika barua kwa chama, nikaambatisha kurasa za daftari nilizopiga picha, zile sekunde 31, na ile orodha yangu yenye sahihi yangu. Bosi aliisoma, akaipeleka, na hakunisemesha karibu mwezi mzima. Mama alirudishiwa kazi. Pesa alirudishiwa kwa awamu mbili. Wakulima waliolipwa zaidi walikatwa kidogo kidogo, na hapo ndipo malalamiko yalipokuja, tena kwa wingi.

Kazini mambo yalibadilika, si yote. Sasa naketi kwenye mikutano ya kupanga, kabla hakujaandikwa chochote, na swali langu la kwanza limekuwa utani wa ofisi: "Na mtandao ukikatika katikati?" Hatutoi tena mfumo kwa vituo vyote siku moja; kituo kimoja kwanza, kwa wiki mbili, daftari likiwa kando. Kitu kikionekana mara moja tu hakifungwi na aliyekiandika. Na jengo letu lina lifti ambayo mtandao hupotea kati ya orofa ya tatu na ya tano, kwa hivyo utanikuta humo nikipanda na kushuka nikiwa na simu nne mikononi. Askari wa mlangoni aliniuliza kama niko sawa. Tarehe bado zinaahidiwa na watu wasioandika programu. Hilo sijalipatia dawa.

Nilipita kituoni tena mwaka uliofuata. Mama alikuwa kwenye mizani, kofia ya sufi, simu mpya imening'inia shingoni. Nilimsalimu, akanionyesha mahali pa kusimama nisizuie foleni. Mzee mmoja alimwaga maziwa yake. Mama aliinama akasoma mizani, akachukua daftari kwenye mfuko wa nailoni, akaandika 6.4, akalifunga. Ndipo akashika simu.